"Niliwahi Kufanya Kazi Humo Ndani"



Mapema mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuwa umewatia watu hofu kote duniani, sauti iliyorekodiwa kwa dakika 38 ilisambaa katika simu za watu wengi nchini Uingereza. Msemaji alijitambulisha kuwa aliwahi kuongoza kitengo kikubwa katika kampuni ya simu ya Vodafone. Kwa utulivu wa mtu ajuaye asemacho, alidai kwamba watu hawakuugua kwa sababu ya virusi bali kwa mawimbi ya mtandao wa 5G, na kwamba wakubwa wa dunia walikuwa wakiificha siri hiyo.

Gazeti la The Guardian lilimtafuta hadi likambaini. Alikuwa mchungaji. Vodafone alifanya kazi kwa muda usiotimia mwaka mmoja, mwaka 2014, katika mauzo, kabla ya majaribio ya 5G. Tazameni basi: ni kweli aliwahi kuwamo. Ukweli huo mdogo ndio uliobeba mengine yote. Muuzaji na mhandisi huingia kwa mlango mmoja asubuhi, lakini wayajuayo hayafanani. Mtu akijinadi kwamba alikuwa humo ndani, yafaa tuulize alishika kazi gani, lini, na kama kazi hiyo ingeweza kumfikisha kwenye jambo analolisimulia.

Lipo swali jingine ambalo halimhitaji yeye kabisa. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania tarehe 16 mwezi huohuo. Siku hizo hapakuwa na kampuni hata moja iliyouza huduma ya 5G katika nchi hizi mbili. Kenya majaribio yalianza mwaka 2021. Tanzania huduma ilizinduliwa mwaka 2022. Maradhi yalitangulia kile kilichodaiwa kuyaleta! Kulibaini hilo hakuhitaji shahada ya fizikia, kalenda yatosha.

Hata hivyo, wengi walisadiki uvumi huo. Mwezi Aprili 2020 minara mingi ya simu ilichomwa moto Uingereza, na mafundi waliokuwa kazini wakatukanwa barabarani. Mmoja wa minara iliyoshambuliwa ulikuwa ukiihudumia hospitali ya dharura ya Nightingale mjini Birmingham.

Na penye hofu hapakosi mfanyabiashara. Mwaka huohuo kifaa kiitwacho 5GBioShield kiliuzwa kwa zaidi ya pauni 300 kwa ahadi ya kuikinga nyumba nzima na mawimbi. Wataalamu wa Pen Test Partners walipokifungua walikuta flashi ya kawaida ya kuhifadhia mafaili, yenye megabaiti 128 tu, iliyobandikwa stika. Lugha ya tangazo lake ilikuwa imejaa maneno ya kisayansi yaliyopangwa bila maana. Maofisa wa kulinda walaji jijini London walilazimika kuingilia kati.

Sisemi kwamba kila mtoboa siri ni mzushi, wapo waliotuokoa. Jeffrey Wigand alikuwa makamu wa rais wa utafiti katika kampuni ya sigara ya Brown & Williamson, na ni mtaalamu wa biokemia. Alipoamua kusema hadharani, alisema kwa jina lake, na Novemba 1995 alitoa ushahidi kwa kiapo huko Mississippi, mbele ya mawakili waliokuwa na kila sababu ya kumpinga. Alikubali kuhojiwa. Ile sauti ya dakika 38 haikumpa yeyote nafasi ya kuuliza neno.

Najua ugumu wenu. Ujumbe wa namna hii huletwa na shangazi, au na mzee anayeheshimiwa katika kundi la ukoo, na kumpinga mbele ya wote ni kumvunjia heshima. Mpigieni simu pembeni, mwulizeni kwa adabu: "Shangazi, huyu bwana alikuwa na kazi gani huko?" Mara nyingi naye hajui, na mtaitafuta habari hiyo pamoja. Ikiwa ujumbe unamalizikia kwa bei ya kifaa au namba ya kutumia pesa, msilipe. Uhifadhini kama ulivyo, pamoja na namba hiyo, mtuletee ofisini.