Sitara ya Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu



Maiti tunamwosha chini ya nguo, utupu wake usionekane. Basi mzee aliye hai, yakimshika maradhi ya kusahau, mbona tunamvua uani na watoto wanatazama? Mimi mwenyewe nilimkaripia marehemu baba yangu alipokataa kuoga, nikidhani ni ukaidi. Kumbe aliogopa: hakujua tena maji yale ni ya nini, wala mimi ni nani.

Nilipofahamu hayo nilimfunika shuka, nikamweleza kila jambo kabla ya kumgusa, nikaanza na miguu kwa maji ya vuguvugu. Kichwa kikawa mwisho, au kikaachwa hata kesho. Alipoweza kujisugua, nilimwachia kitambaa. Mikunjo ya mwili ikaushwe sana, maana ndipo ngozi huchubuka. Chooni apelekwe kwa saa maalumu, tusingoje aombe. Akijichafua, asafishwe upesi pasipo makelele. Sheria haimwandikii dhambi, lakini haya angali nayo.

Mama aoshwe na binti. Asiye na binti je? Naomba chama chetu kiwapangie akina mama zamu, kama kinavyopanga za mazishi.