MZIGO NA UTI WA MGONGO
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika Wilaya za Mbinga na Nyasa kazi nyingi za uchumi huanzia kichwani na begani. Kahawa hushuka kutoka mashamba ya mlimani, maji hupandishwa kutoka bondeni, na kuni, mihogo na matenga ya dagaa hubebwa kila siku. Ziwa Nyasa liko kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Umatengo hufikia meta 2,000 hivi. Kwa hiyo mzigo katika nchi hii ni wa kupanda au kushuka, mara chache sana ni wa tambarare. Si ajabu basi kwamba maumivu ya mgongo yamezoeleka hata yakahesabiwa kuwa sehemu ya ukulima. Lakini jambo lililozoeleka si lazima liwe halali.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili mna visahani laini vya kupunguza kishindo. Mtu akisimama wima, uzito hupita katikati ya pingili hizo. Akiinama na kunyanyua gunia mbali na mwili, misuli ya kiuno hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa gunia lenyewe. Akigeuza kiuno huku ameshika mzigo, hatari huzidi. Mzigo wa bega moja nao humpinda mtu upande, na misuli ya upande wa pili hukaza mchana kutwa ili asianguke. Ndiyo maana mzega wenye vikapu viwili vilivyo sawa ni afadhali kuliko kikapu kimoja kizito.

Yako mengi ya kusifu katika ubebaji wa asili. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Lakini mwanamke wa kilo 55 hufikia kiwango hicho kwa kilo 11 tu, na ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Tena, kuokoa nguvu za mwili si sawa na kuiokoa shingo. Kata nzuri huzuia ndoo isiteleze na isiumize kichwa, lakini haipunguzi hata kilo moja. Mama mwenye mtoto mgongoni, ndoo kichwani na jembe mkononi amebeba mizigo mitatu, ingawa watu huhesabu mmoja.

Hapo ndipo chama kinapohusika. Kwa kawaida kilo 1 ya kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa hutokana na takriban kilo 5 za kahawa mbivu. Hivyo, ili zipatikane kilo 50 za kahawa kavu, kilo 250 za kahawa mbivu zitabebwa hadi kwenye kiwanda cha kumenyea. Kwa debe la kilo 20 hizo ni safari 12 au 13. Kiwanda kikijengwa mbali na mashamba, gharama hiyo haionekani katika vitabu vya chama, lakini hulipwa na migongo ya wanachama. Kuchagua mahali pa kiwanda au pa kukusanyia kahawa ni kuchagua pia urefu wa njia ya mbebaji.

Lumbesa nayo imekatazwa na sheria ya vipimo kwa kuwa humpunja mkulima. Inafaa ikumbukwe kwamba humuumiza mbebaji vilevile. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Namba 128, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima anayebeba kwa mikono, na likataka wanawake na vijana wabebe pungufu. Mzani hulipa kwa kilo. Magunia mawili ya nusu hayampotezei mkulima hata senti.

Chama kinaweza kununua toroli, kujenga jukwaa la kimo cha kiuno karibu na mzani, na kuweka kanuni kwamba gunia zito linyanyuliwe na watu wawili. Mnyanyuaji naye akunje magoti, akumbatie mzigo karibu na kifua, na ageuke kwa miguu.

Mgongo ukiuma, kulala siku nyingi hakusaidii. Kutembea na kazi nyepesi huponya wengi. Lakini mtu mwenye ganzi ya miguu au mapajani, anayeshindwa kuzuia mkojo, aliyeumia kwa kuanguka, au mwenye homa na kukonda pamoja na maumivu, apelekwe hospitali bila kukawia. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia uti wa mgongo, nacho hutibika.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ushirika ulianzishwa ili neno hilo lisiwe kweli miongoni mwa wanachama. Makatibu waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano kabla ya mavuno, wakati magunia yangali matupu.