ASIYE NA KWAKE HUKABIDHIWA, HAFUKUZWI

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu wa Jeshi na Polisi mlioko makambini, vituoni na katika malindo ya mipakani.

Katika mazungumzo ya leo tumtazame mtu ambaye askari wa zamu hukutana naye karibu kila usiku, lakini ambaye ni nadra kutajwa katika mazungumzo yetu. Mtu huyo ni yule asiye na pa kulala. Hujikunyata katika baraza za maduka, chini ya madaraja, katika vituo vya mabasi na pembezoni mwa masoko. Majina ya kumwita hayatupungukii. Sheria za kikoloni zilimwita mzururaji. Nchini Kenya mtoto wa namna hiyo huitwa chokoraa, na katika miji ya Rwanda na mashariki ya Kongo huitwa mayibobo. Majina yote hayo yana kasoro moja: yanaeleza mahali tulipomkuta, wala hayaelezi alikotoka. Na huko alikotoka ndiko kazi yetu inakopaswa kuanzia.

Tuanzie Ruhwa. Ruhwa ni kituo cha mpakani kilichoko kusini mwa Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, sehemu ambayo zamani ilijulikana kwa jina la Cyangugu. Barabara hutoka mji wa Kamembe, hushuka hadi bonde la Bugarama lenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji, hufika mto Ruhwa, kisha huendelea ng'ambo katika ardhi ya Burundi kuelekea Rugombo na Bujumbura. Mto Ruhwa nao humwaga maji yake katika mto Rusizi, na pale mito hiyo inapokutana ndipo zinapopakana nchi tatu: Rwanda, Burundi na Kongo. Mahali kama hapo pana neema ya biashara. Lakini pia hapakosi watu waliokatikiwa na njia ya kurudi kwao.

Watu hao si wa aina moja, na askari anayewatia wote katika kapu moja hukosea tangu hatua ya kwanza.

Yuko aliyeondolewa kwake na maafa. Jumapili ya tarehe 3 Februari mwaka 2008, ardhi ilitetemeka Rusizi, Nyamasheke na Bukavu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha nchini Rwanda, wengine wakiwa kanisani, na nyumba nyingi zilibomoka. Mtu aliyeamka asubuhi ile akiwa na nyumba, mke na mifugo, jioni hakuwa na pa kuweka kichwa. Je, tumwite mzururaji?

Yuko pia aliyeondolewa na vita. Mwezi Februari mwaka 2025, mapigano yalipofika Bukavu na bonde la Rusizi, makumi ya maelfu ya Wakongo waliuvuka mto na kuingia Burundi. Maelfu yao walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, mwendo mfupi kutoka Ruhwa. Miongoni mwao walikuwamo wakulima na wafanyabiashara ambao wiki moja tu kabla ya hapo walikuwa wakiwalisha wengine.

Na yuko wa tatu, ambaye hakukimbia tetemeko wala risasi. Huyu ni mtoto wa kawaida wa kijijini. Labda amefiwa na mama. Labda baba ni mlevi. Labda nyumbani hakuna chakula, na shuleni anachekwa kwa matambara yake. Siku ya kwanza huenda mjini kubeba mizigo sokoni, jioni akarudi na sarafu mbili tatu. Siku ya kumi hulala hukohuko. Mwezi wa pili harudi tena, na hakuna aliyekwenda kumwulizia. Mtoto huyu hakuvunja sheria yoyote. Alivunjika uhusiano wake na nyumbani, kidogo kidogo, kama kamba inavyokatika uzi mmoja mmoja.

Ndugu wasikilizaji, kwa muda mrefu jibu la serikali nyingi kwa watu hao lilikuwa lori. Askari walitumwa usiku, wakawazoa watu, wakawapeleka mbali na mji, na asubuhi mji ukaonekana safi. Mfano tunaoujua vizuri ni wa Tanzania. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa vijijini. Nia iliyotangazwa ilikuwa kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi. Lakini wengi waliopelekwa walirudi mjini. Walipelekwa mahali ambapo hapakuwa na aliyewangoja, wala jembe, wala shamba lililoandaliwa. Lori linaweza kumhamisha mtu. Haliwezi kumpa kwao.

Sheria za uzururaji zenyewe si urithi wa mababu zetu. Katika makoloni ya Waingereza zilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Na inafaa ndugu zetu wa Jeshi wajue kwamba miongoni mwa watu waliolengwa na sheria ile walikuwamo askari wenyewe. Hao walipigana katika vita dhidi ya Napoleon, vita vilipokwisha wakaachishwa, wakarudi bila kazi wala makazi, na nchi waliyoipigania ikawapangia kifungo kwa kulala nje. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha kifungu cha kuifuta sheria hiyo. Ingekuwa ajabu sisi kuing'ang'ania nguo ambayo mwenyewe ameamua kuivua.

Na Afrika imekwisha kusema neno lake. Tarehe 4 Desemba mwaka 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni yake ya ushauri baada ya kuombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Mahakama ilieleza kwamba sheria zinazomwadhibu mtu kwa sababu tu hana makazi, hana kazi au hana njia inayoonekana ya kujikimu, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zenye sheria hizo zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Kwa lugha ya kituoni maana yake ni hii: umaskini si kosa la jinai. Askari hukamata kwa ajili ya tendo. Hali ya mtu haitiwi pingu.

Hapa pengine baadhi yenu mtasema: "Lakini katika hao wamo wezi, na wamo wavuta bangi." Ni kweli, wamo, kama walivyomo pia katika nyumba zenye milango na makufuli. Aliyeiba ashitakiwe kwa wizi, kwa ushahidi, kama mwizi mwingine yeyote. Sheria ya wizi inatosha. Tusichokubali ni kumkamata mmoja kwa wizi wa mwenzake, kwa sababu tu wote wawili walilala katika baraza moja.

Basi kama si lori, ni nini? Rwanda inatupa mafunzo ya aina mbili, na yote mawili yafaa yaelezwe bila kuficha.

La kwanza ni kazi ya kuwarudisha watoto katika familia. Mwaka 2012, uchunguzi ulionyesha kuwa watoto 3,323 walikuwa wakiishi katika nyumba 33 za kulelea watoto nchini humo, na wengi wao walikuwa na jamaa aliye hai. Mwaka uliofuata serikali, pamoja na shirika la UNICEF, ilianzisha mpango ulioitwa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Kisha wakachaguliwa wananchi wa kujitolea waitwao Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia: wawili kwa kila kijiji, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Rwanda ina vijiji 14,837, kwa hiyo ni jeshi la watu karibu 30,000 lisilo na bunduki hata moja. Silaha yao ni kujua. Wanajua ni nyumba gani ina ugomvi, ni mtoto gani ameacha shule, ni bibi yupi anawalea wajukuu watano peke yake. Mtoto akirudishwa, wao ndio wanaobisha hodi wiki inayofuata, na mwezi unaofuata, kuona kama amekula na kama anakwenda shule. Kazi hiyo haina gwaride wala tarumbeta, lakini ndiyo inayomfanya mtoto abaki.

Fundisho la pili ni la tahadhari. Rwanda pia imeanzisha vituo vya kurekebisha tabia. Katika kisiwa cha Iwawa, ziwani Kivu, vijana wamekuwa wakifundishwa useremala, uashi, ushonaji na kilimo tangu mwaka 2010, na mwaka 2017 ikaundwa idara ya taifa ya kusimamia kazi hiyo. Ufundi ni jambo jema. Lakini vituo vya muda vinavyowapokea watu waliokamatwa mitaani vimelaumiwa mara nyingi na watetezi wa haki za binadamu. Mwaka 2020 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto iliitaka Rwanda ikomeshe kuwazuia watoto wa mitaani katika vituo hivyo. Jambo hilo lisichukuliwe kama tusi. Kijana atajifunza kupiga randa, lakini ikiwa mlango wa kuingilia ni kipigo na kushikwa bila kosa, akitoka atamkumbuka askari kabla ya kuikumbuka randa.

Nao mzigo huu si wa nchi moja. Kenya ilipowahesabu watu wake wa mitaani mwaka 2018 iliwapata 46,639, na katika hao 15,337 walikuwa Nairobi peke yake. Hakuna lori la kuwatosha, wala jela.

Ndugu askari, ninyi mnalo somo la jambo hili katika maisha yenu ya kila siku. Mlinzi hatoki katika lindo lake kwa sababu saa yake imefika. Hutoka alipofika mwenzake wa zamu, wakakabidhiana: hali ni hii, jambo la kuangalia ni hili. Lindo lisilokabidhiwa ni lindo lililotorokwa. Vivyo hivyo kwa mtu asiye na kwake. Kumtoa barazani si kazi iliyokwisha. Kazi hukamilika anapokabidhiwa kwa mtu mwenye jina, aliye tayari kumpokea.

Na Rwanda imewahi kuifanya kazi hiyo kwa watu waliokuwa wagumu kuliko mtoto wa sokoni. Tangu mwaka 1997 iko tume ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia. Katika kituo cha Mutobo wapiganaji waliotoka misitu ya Kongo walipokewa, wakafundishwa, na ndipo wakarudi vijijini kwao. Ikiwa mtu aliyetoka na bunduki msituni aliweza kuandaliwa safari ya kurudi nyumbani, yawezekanaje mtoto aliyetoka na kikapu sokoni akose?

Basi askari wa zamu afanye nini? Jambo la kwanza ni kumwuliza mtu jina lake, na kumwita kwa jina hilo. La pili ni kumwuliza kijiji chake, na nani aliyebaki huko. Hayo mawili yaandikwe, maana ndiyo mwanzo wa njia ya kurudi. Kama ni mtoto, asilazwe mahabusu pamoja na watu wazima. Aitwe ofisa wa ustawi wa jamii au mjumbe wa kijiji, hata kama ni usiku. Kama amekutwa mpakani peke yake, asisukumwe upande wa pili ili awe taabu ya wengine. Zipo mamlaka za nchi zote mbili, na zinajua kuwasiliana. Kama ni mgonjwa, hospitali kwanza na maswali baadaye. Na fimbo ibaki mahali pake. Mtu aliyepigwa huhama mtaa. Haendi nyumbani.

Wala majeshi yetu hayakosi nguvu za kufanya zaidi ya hapo. Tangu mwaka 2009 Jeshi la Rwanda limekuwa na juma la kuwahudumia wananchi, na mwaka 2024 lilishirikiana na Polisi katika kazi hizo, zikiwamo kuwajengea nyumba wasiojiweza na kuwatibu wagonjwa. Askari aliyebeba tofali la nyumba ya mjane amezuia watoto wake kulala mitaani miaka mingi kabla ya doria yoyote kuwakuta huko.

Wahenga wetu walisema: nyumbani ni nyumbani, ijapokuwa pangoni. Aliyekosa hata pango hilo hajakosa utu wake, wala hajakosa haki yake ya kulindwa na askari aliyekula kiapo cha kuwalinda wananchi wote. Usiku wa leo, doria itakapopita katika soko la Kamembe, katika kituo cha Ruhwa, au katika mitaa ya mji wowote wa Afrika Mashariki, taa itammulika mtu aliyejifunika gunia. Neno la kwanza atakalolisikia litatoka kinywani mwa mmoja wenu. Liwe swali la jina lake.