Kadi ya Bima na Ng'ombe wa Mama

Wasikilizaji, juzi pale soko la Mbuyuni, Moshi, nilikaa na mama mmoja wa Uru, muuza ndizi. Alifungua pindo la khanga akanionyesha kadi ya bima. Mwanawe alipoanguka na bodaboda akiwa amelewa, kadi hiyo ililipia picha, vyuma vya mguu na kitanda. Mguu ukapona, kijana akarudi nyumbani, akarudia pombe. Haukupita muda, kila asubuhi mikono inamtetemeka, kikombe cha chai hakishikiki mpaka apate gongo ya kutoa loki.

Mama akampeleka soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, akatoa kadi ile ile. "Mama, hapa tunapokea fedha taslimu." Akauza ng'ombe. Fedha ikatosha miezi miwili, na matibabu ni miezi minne.

Bima imelipia mguu, ikauacha ugonjwa uliouvunja. Hilo siwezi kulinyamazia.

Wenye uraibu wa heroini angalau walifunguliwa mlango: methadoni hutolewa bure tangu 2011, ilipoanzia Muhimbili. Lakini methadoni haitibu pombe, na huku kwetu Kilimanjaro kinachotumalizia vijana ni pombe. Sisemi mbege ya harusini, ile ina heshima yake na wazee wake. Nasema gongo, na vichupa vilivyoshika nafasi ya viroba vilivyopigwa marufuku Machi 2017.

Najua wapo wanaosema, "Si kajitakia?" Jamani, mtu aliyekunywa kwa miaka akiacha ghafla anaweza kushikwa na degedege, hata akafa. Huyo anahitaji kitanda na daktari. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Holili, mfuko wao wa bima wa NHIF, kabla haujapisha mamlaka mpya ya SHA, ulikuwa na fungu la tiba ya uraibu.

Sisi tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023. Ninaomba tiba ya kulazwa kwa uraibu, pombe ikiwemo, iandikwe waziwazi kwenye kitita cha mafao ya bima hiyo. Kama soba hausi nyingine hazina hadhi ya kulipwa na bima, zikaguliwe, ziwekewe daktari na muuguzi, zinazofaa zipewe mkataba.

Yule mama amebakiwa na ndama. Aliniuliza kama ndama anafika ada ya mwezi mmoja.