Kabla ya Kuacha Kazi: Maneno kwa Wazazi wa Lamu



Dada mmoja aliacha kazi ya jikoni hotelini alipokaribia kujifungua, akakaa nyumbani kushona kofia. Alidhani hana njia nyingine. Kumbe Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini mwake. Baba naye ana majuma 2.

Sisemi kushona kofia ni kazi duni. Ni kazi ya heshima hapa kwetu. Lakini kofia ya mkono huchukua majuma mengi, na mwenye nyumba hangoji kodi.

Basi, ukiamua kuondoka, toa notisi, dai cheti chako cha kazi, na uendelee kujiwekea akiba ya uzeeni katika NSSF.

Kisha msishone kila mtu kivyake. Mnunuzi akimkuta mmoja, hutaja bei aitakayo. Akiwakuta kumi wenye bei moja, hukaa akasikiliza. Umoja hauishii langoni mwa kazi. Hata uani una kazi yake.