Kujua na Kutenda: Utendaji wa Mhudumu wa Afya na Hali ya Mgonjwa Vijijini Tanzania

Mhadhara wa umma

Afya ya mgonjwa ndiyo shabaha ya kazi yote ya tiba, lakini ni kipimo kigumu cha kazi ya mtu mmoja. Mtoto mwenye mafua anaweza kupona hata akipewa dawa isiyomhusu, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki mikononi mwa mkunga aliyefanya kila alichopaswa kufanya. Anayehesabu waliopona na waliokufa peke yao atamsifu mzembe mwenye bahati na kumlaumu hodari aliyeletewa mahututi. Kwa sababu hiyo, watafiti wa utendaji hufuata mpangilio uliotolewa mwaka 1966 na Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mpangilio huo una sehemu tatu: muundo, yaani majengo, dawa, vifaa na idadi ya watumishi, mchakato, yaani yale mhudumu anayomtendea mgonjwa, na matokeo, yaani yanayompata mgonjwa baada ya hapo.

Nchini Tanzania sehemu ya kwanza ndiyo iliyoshughulikiwa zaidi. Sehemu ya pili ndiyo iliyochelewa kupimwa, na ndiko utafiti wa miaka 20 iliyopita ulikokuta tatizo kubwa: mhudumu hutenda chini ya kile anachokijua.

Ngazi za huduma, kutokea Iguguno

Kata ya Iguguno, wilayani Mkalama, iko kwenye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na makao yake yako Nduguti. Kwa mkazi wa eneo hili matibabu hupanda ngazi: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya au ile ya Kilutheri ya Iambi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Wapo pia wanaovuka mpaka wa mkoa kwenda Haydom, wilayani Mbulu, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955.

Ngazi hiyo ni matunda ya sera ya muda mrefu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulioanza mwaka 2007, uliweka lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Wananchi nao waliitikia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuta asilimia 63 ya uzazi ukifanyika kwenye vituo vya huduma. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 81. Mama akishafika kituoni, umbali si tatizo tena. Lililobaki ni atakachofanyiwa. Mwaka 2018 tume ya jarida la The Lancet kuhusu ubora wa mifumo ya afya ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu milioni 5 hufa kila mwaka kwa huduma duni, ilhali milioni 3.6 hufa kwa kutofikia huduma. Waliomfikia mganga na bado wakafa ni wengi kuliko wasiomfikia.

Pengo kati ya kujua na kutenda

Utafiti uliolifichua pengo hili waziwazi ulifanyika mkoani Arusha. Kenneth Leonard, mchumi wa Chuo Kikuu cha Maryland, na Melkiory Masatu, daktari na mtafiti wa Arusha, waliwapima matabibu kwa njia mbili. Kwanza walimweka tabibu mbele ya mgonjwa wa kuigiza, wakaandika maswali aliyouliza na vipimo alivyotaka. Hapo walipata kiwango cha ujuzi wake. Kisha wakakaa naye kwenye chumba cha matibabu akiwaona wagonjwa halisi. Tabibu yuleyule aliyeuliza maswali yote muhimu mbele ya mgonjwa wa kuigiza aliuliza machache mbele ya mgonjwa wa kweli.

Ikabaki shaka moja: je, uwepo wa mtafiti chumbani haubadilishi mambo? Ili kuijibu, waliwahoji wagonjwa waliotoka kabla mtafiti hajaingia, na wale waliotoka akiwa ndani, kuhusu walichoulizwa na walichopimwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba mtafiti alipoingia, kazi ya tabibu ilipanda ghafla, kisha ikarudi ilikokuwa baada ya wagonjwa 10 hadi 15. Tabia hiyo hujulikana kwa jina la kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako majaribio ya miaka ya 1920 na 1930 yalihusishwa na dhana kwamba mfanyakazi hubadilika akijua anatazamwa. Kwa Arusha jambo hilo lilithibitisha mambo mawili kwa mpigo. Kazi bora zaidi iliwezekana mahali palepale, kwa tabibu yuleyule, kwa vifaa vilevile. Na ukaguzi wa kupita huona kazi ya siku ya ukaguzi tu.

Mfano mwingine unahusu homa. Hugh Reyburn na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania, walifuatilia matumizi ya kipimo cha haraka cha malaria. Zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilionesha hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria hata hivyo. Kipimo kilikuwepo, mhudumu alijua kukisoma, na jibu lilikuwa mezani. Mazoea ya kuichukulia kila homa kuwa malaria yakashinda. Anayeumia hapo ni mgonjwa mwenye nimonia au maambukizi ya damu, ambaye huondoka na dawa isiyomsaidia na siku zake za kuokolewa zikipungua.

Sababu zinazotajwa na sababu zilizopimwa

Maelezo ya kwanza hutaja wingi wa kazi. Upungufu wa watumishi wa afya nchini ni wa kweli na wa muda mrefu, na vijijini huuma zaidi: nyumba za watumishi ni chache, na wanaopangiwa vituo vya mbali huomba uhamisho. Hata hivyo Ottar Mæstad na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha matabibu 159 na mahojiano ya tiba 2,095 kwenye vituo vya vijijini Tanzania, hawakukuta uhusiano kati ya idadi ya wagonjwa na juhudi anayopewa kila mmoja. Vituo vingi vilikuwa na foleni ya asubuhi na saa tupu mchana. Hilo halimaanishi kwamba watumishi wanatosha. Zamu ya usiku yenye mkunga mmoja ni hatari bila kujali wastani wa wagonjwa wa mchana. Linaloonekana ni kwamba kuongeza watu pekee hakutafanya tabibu amhesabie mtoto pumzi.

Maelezo ya pili hutaja mafunzo. Mafunzo yana uzito, hasa yakiungana na mpango mzuri wa wilaya. Mwongozo wa kumhudumia mtoto mgonjwa kwa uwiano, ujulikanao kama IMCI, ulitumika Rufiji na Morogoro Vijijini, zikalinganishwa na Kilombero na Ulanga ambako haukuwa umeanza. Katika miaka miwili, hadi katikati ya 2002, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizoutumia. Lakini mafunzo huongeza ujuzi, na pengo la Arusha lilikuwa juu ya ujuzi ambao tayari upo.

Maelezo ya tatu ni mazingira ya kazi: nani anamwona mtumishi, nani anamthamini, nani ana mamlaka juu ya ajira yake. Leonard, Masatu na Alexandre Vialou waliandika mwaka 2007 kwamba matabibu walio katika taasisi zenye mamlaka ya kuajiri, kupanga mishahara na kuachisha kazi papo hapo walipofanyia kazi walitenda karibu zaidi na uwezo wao kuliko wale ambao uamuzi juu yao hufanyika mbali. Jambo hili lina maana katika wilaya kama Mkalama, ambako vituo vya serikali na vya kanisa huhudumia watu walewale.

Mgonjwa naye hupima

Wananchi hawasomi majarida ya utafiti, lakini hufanya tathmini yao kwa miguu. Wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, Margaret Kruk na wenzake walikuta sehemu kubwa ya akina mama waliojifungulia kituoni walipita kituo cha karibu na kwenda cha mbali. Walipopewa vituo vya kuchagua vyenye sifa tofauti, kilichowavuta zaidi kilikuwa mhudumu mwenye heshima, pamoja na uwepo wa dawa na vifaa.

Heshima yenyewe ni ngumu kupimwa mlangoni mwa hospitali. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, akina mama walioulizwa wakiondoka wodini kama walitukanwa, walipigwa au walitelekezwa, asilimia 19 walikubali. Sehemu yao walipohojiwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliokubali walifikia asilimia 28. Mgonjwa akiwa bado kwenye uwanja wa hospitali hunyamaza, kwa kuwa kesho atarudi. Baadaye wilaya ya Korogwe iliandaa mkataba wa huduma kwa mteja pamoja na wananchi, na wakunga wenyewe wakapanga marekebisho ya wodi yao. Uwezekano wa mama kuripoti unyanyasaji ulipungua kwa takriban theluthi mbili ukilinganisha na Muheza.

Mfuko wa wananchi nao hutoa hukumu. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulijaribiwa kwanza mwaka 1996 wilayani Igunga, mbele kwenye barabara hiyohiyo ipitayo Iguguno, ukapata sheria yake mwaka 2001. Peter Kamuzora na Lucy Gilson walieleza mwaka 2007 kwa nini kaya nyingi hazikujiunga: wengine hawakuwa na uwezo wa kulipa, wengine waliona huduma ni duni, wengine hawakuwaamini wasimamizi. Kadi ya bima isiyopata dawa dirishani hairudiwi mwaka unaofuata.

Yanayopunguza pengo

Mapitio makubwa ya Alexander Rowe na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2018 yakijumuisha mamia ya tafiti, yanatoa picha ya jumla. Mabango na miongozo iliyochapishwa, ikitolewa peke yake, karibu haibadilishi chochote. Mafunzo peke yake au usimamizi peke yake hupandisha utendaji kwa takriban alama 10 hadi 16 za asilimia. Vikiunganishwa, takriban 18. Matokeo makubwa zaidi ya hayo yalionekana pale watumishi wenyewe walipokaa pamoja, wakachambua kasoro na kuzirekebisha hatua kwa hatua.

Fedha za motisha zilijaribiwa mkoani Pwani kuanzia 2011, kwa mpango wa malipo kwa ufanisi. Kati ya huduma nane zilizolengwa, mbili zilipanda kwa uhakika: kujifungulia kituoni, kwa alama 8.2 za asilimia, na kinga ya malaria kwa wajawazito, kwa alama 10.3. Kilicholipiwa na kuhesabika kiliongezeka. Kisichohesabika kirahisi hakikuongezeka sana.

Ushahidi wa karibu zaidi na Mkalama unatoka Haydom. Mwaka 2010 wakunga wa hospitali hiyo walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua: kumkausha, kumchangamsha na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye mwanasesere wa mafunzo walifanya vizuri zaidi kuliko awali. Kwenye chumba cha kujifungulia hakuna kilichobadilika. Mwaka 2011 hospitali ikabadili utaratibu: mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, hapohapo wodini, katikati ya kazi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Somo lilikuwa lilelile na wakunga walewale. Kilichobadilika ni kwamba zoezi liliwekwa mahali kazi inapofanyika.

Fikra hiyo ilipanuliwa katika programu ya Safer Births, iliyofika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Iliunganisha mazoezi ya wodini, vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto, na watumishi kuzisoma takwimu zao wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionesha vifo vya watoto vinavyotokea karibu na uzazi vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000, ingawa mikoa haikufanana.

Namna ya kupima katika ngazi ya kata

Kati ya 2015 na 2016 Wizara ya Afya ilivipa nyota karibu vituo 7,000 vya huduma ya msingi. Takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja, na vilivyofikia nyota tatu vilikuwa karibu asilimia 2 tu. Zoezi hilo liliamsha wilaya nyingi, na marudio yake ya 2017/18 yalikuta hali bora. Lakini mkaguzi wa siku moja hukutana na tabia ileile iliyoonekana Arusha. Kipimo cha kudumu lazima kiwe mikononi mwa kituo chenyewe, na vipimo vitatu viko ndani ya uwezo wa kituo cha afya cha vijijini.

Cha kwanza ni kumwuliza mgonjwa alichofanyiwa: je, alipimwa joto, mtoto alihesabiwa pumzi, alielezwa jina la ugonjwa na matumizi ya dawa? Swali la vitendo hupata jibu la kweli kuliko swali la kuridhika, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiliuliza nyumbani hupata kweli zaidi kuliko likiulizwa getini. Cha pili ni rejista za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, hasa ya wodi ya wazazi, zikiandikwa muda wa kila tukio: mama alipofika, mtoto alipozaliwa, mtoto alipoanza kupewa hewa. Cha tatu ni leja ya dawa, inayoonesha siku ambazo dawa muhimu hazikuwepo, ili kosa la bohari lisibebeshwe tabibu, wala la tabibu lisifichwe nyuma ya bohari.

Vipimo hivi vikisomwa kila mwezi na watumishi wa kituo pamoja na kamati yake, kila kasoro hupangiwa tiba yake: mafunzo pale ambapo ujuzi haupo, ugavi pale ambapo dawa haipo, na mazoezi ya wodini pamoja na usimamizi wa karibu pale ambapo ujuzi na dawa vipo lakini kitendo hakionekani.