Kamuulize Bibi Yake

Msikilizaji, ukiingia darasa la pili katika shule nyingi za vijijini hapa Singida, iwe Mgori, Ilongero au Nduguti, hutakosa mtoto ambaye wenzake wameshampa jina. Mzito. Bubu. Mwalimu anasema: "Toeni madaftari ya hesabu, fungueni ukurasa mpya, andikeni tarehe, halafu nakilini haya ya ubaoni." Darasa zima linainama. Yeye anatoa daftari, basi. Anamtazama jirani yake, naye anafungua. Jirani akiandika anaandika, kosa kwa kosa. Akiulizwa swali anatazama chini.

Na mkoani kwetu maelezo yako tayari: huyo hajui Kiswahili, kwao ni Kinyaturu tupu, atazoea.

Mara nyingi ni kweli. Tuna Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo kule Manyoni, Kisukuma, Kibarabaig, hata Kihadzabe upande wa Mkalama. Wako watoto wanaokutana na Kiswahili cha darasani siku ile ile wanayovaa sare kwa mara ya kwanza. Mtoto wa aina hiyo akipata mwalimu mvumilivu, haichukui muda mrefu utamkuta anabishana na wenzake uwanjani kwa Kiswahili safi.

Ninayemsemea leo ni mwingine, ambaye maelezo hayo yanamficha. Anasikia vizuri. Akili anayo, mpe mbuzi wa baba yake, atakwambia yupi ni yupi. Lugha ndiyo haimkai. Maneno yanamchelewa, sentensi ndefu inampita, kisa cha jana hawezi kukipanga kikaeleweka. Wataalamu wanaiita hali hiyo tatizo la ukuaji wa lugha. Si tatizo la Singida, wala la watu maskini. Kwa miaka mingi kila mtaalamu alilipa tatizo hili jina lake, hadi jopo lililoongozwa na Profesa Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford lilipokubaliana jina moja na kulichapisha mwaka 2017. Mwaka mmoja kabla, utafiti uliofanyika Surrey, Uingereza, ulikuta watoto takriban 7 katika kila 100 wanaoanza shule wana tatizo hili. Chukua hesabu hiyo, ipeleke kwenye darasa la watoto 80. Ni watano au sita.

Sasa mwalimu atamjuaje, ikiwa wote wawili wamekaa kimya dawati moja?

Jibu haliko shuleni. Liko nyumbani, kwa sababu tatizo hili halichagui lugha. Aliye mgeni wa Kiswahili tu, ukimsikiliza jioni akiwa na ndugu zake, Kinyaturu chake kinatiririka, anatania, anasimulia, anasingizia. Mwenye tatizo la lugha hukwama kwenye Kiswahili na hukwama kwenye Kinyaturu vilevile. Mwalimu hawezi kulijua hilo peke yake. Ajira zinapangwa kitaifa. Mwalimu ametoka Kagera au Mbeya, kapangiwa Mkalama, Kinyisanzu atakijulia wapi? Simlaumu. Ninachomwomba ni amtafute bibi.

Bibi anajua. Muulize: ukimtuma dukani chumvi na kiberiti, anarudi na vyote viwili? Vitu anavitaja kwa majina, au kila kitu kwake ni "kile"? Alianza kusema wakati mmoja na wenzake? Akitoka machungani na jambo la kueleza, mnamwelewa, au kaka yake ndiye anayemsemea? Bibi akijibu kwamba nyumbani anaongea mpaka mnamnyamazisha, mwalimu apumue, huyo ni wa kufundishwa Kiswahili. Akisema "huyu tangu mdogo ni hivyo hivyo," hapo pana kazi.

Kazi ya kwanza ni kupima masikio hospitali. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linaweza kumpunguzia mtoto usikivu bila mtu kujua. Na wazazi, naomba tuelewane kuhusu kukata udata. Udata, yaani kipande cha chini ya ulimi, ukibana sana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, pengine kutamka. Lakini anayekosa maneno, anayeshindwa kuelewa maagizo, shida yake haiko ulimini. Wembe wa mtaani utamwachia kidonda, na maneno hayatakuja.

Darasani, mambo yanayomsaidia hayana gharama. Agizo moja, litekelezwe, ndipo lifuate la pili. Mwite jina kabla ya kumwambia jambo. Mwonyeshe kitu chenyewe: ungo, jiwe, punje za alizeti za kuhesabia. Akisema "yeye naenda soko", usimcheke wala usimsimamishe arudie mbele ya wenzake. Mjibu tu, "Kumbe yeye alienda sokoni," asikie ilivyo sawa. Na umpe muda wa kujibu. Hili la muda ndilo gumu kuliko yote, nalikubali, kwa mwalimu mwenye watoto 80 na kengele inagonga. Lakini mazoea ya kumchapa mtoto kwa kukaa kimya, au kwa kuponyokwa na neno la kwao, hayo hayana utetezi. Rafiki anayemnong'oneza kwa Kinyiramba nini cha kufanya anamsaidia mwalimu kazi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake katika shule ya kawaida, na Chuo cha Patandi kule Arusha kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Asiyeona akifika shuleni, kila mtu anajua anahitaji msaada. Huyu wa kwetu haonekani. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno nchini, na wengi wako miji mikubwa. Wenzetu wa Uganda walianza kuwasomesha Makerere mwaka 2008. Tukisubiri mtaalamu wa kila wilaya, watoto hawa watafika upimaji wa darasa la nne bila mtu kuwauliza lolote, na anayeshindwa pale hukariri darasa kwa njia ile ile iliyomshinda mwanzo.

Kwa hiyo walimu wakuu, ombi langu ni dogo. Mnapoandikisha watoto wa Januari, ongezeni swali moja kwa mzazi: mtoto huyu anaongeaje lugha ya nyumbani? Jibu liandikwe, lisiishie mdomoni. Vikao vyenu vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vina nafasi ya kulizungumza, na Umoja wa Wazazi na Walimu una akina mama wanaojua Kinyaturu na Kinyiramba kuliko mtu yeyote aliyeajiriwa. Watumieni. Na wewe mzazi unayenisikiliza ukipembua alizeti, kama swali la chumvi na kiberiti limekugusa, usingoje kuitwa. Nenda kamwambie mwalimu wiki hii.